Buti la Pasha Dolgushina

Jumatatu, 2 Machi 1936

Buti. Eti nimemgeuza mfanyakazi wa nchi hii kuwa buti.

Imeandikwa kwenye gazeti la ukutani pale chamani kwetu wapiga picha, karibu na mlango wa kantini, mahali ambapo kila mtu lazima apite na sahani yake. Wameibandika picha yangu katikati na kuizungushia penseli nyekundu. Pasha Dolgushina, mchimbaji wa reli ya chini ya ardhi, anapanda ngazi kutoka shimoni. Nilikuwa chini yake, nimelala chali kwenye mbao zilizolowa. Buti lake la mpira limekula nusu ya picha, matope yananing'inia kwenye soli, na huko juu kabisa kuna kofia na kipande cha kidevu. Mwaka jana waliisifu, wakaichapa ukurasa wa mbele wa gazeti. Mwaka huu ni "fomalizimu".

Neno lenyewe limeingia Moscow majira haya kama mafua. Wanamuziki wanalo, wachoraji wanalo, sasa na mimi. Nilimkamata mhariri mmoja kwenye korido nikamwuliza maana yake hasa. Akasema ni pale umbo linapokuwa kubwa kuliko mtu. Nikamwuliza picha isiyo na umbo inakuwaje. Akakumbuka ana kikao.

Supu yangu ya kabichi niliila yote, papo hapo chini ya lile gazeti. Nisingewapa raha ya kuniona nimeacha sahani.

Jumanne, 3 Machi

Ptahin ameniita ofisini. Ndiye katibu wetu siku hizi. Zamani tulipanda mapaa ya mji huu pamoja, mimi nimeinama na kamera, yeye ameshika mshipi wangu nisiporomoke. Sasa ana meza yenye kioo na chai analetewa. Akaniita "Ndugu Lukonina". Si Glasha. Nikajua.

Mkutano ni tarehe kumi na tisa, ukumbini, wanachama wote. Nitasimama nitasoma. Ameshaniandalia, karatasi nzima imepigwa taipu: "Mimi, Glafira Lukonina, nimetambua ya kwamba kwa miaka mingi nimeipinda dunia ya wafanyakazi..." Nimeipinda dunia! Nilicheka mbele yake, sikuweza kujizuia.

"Usicheke," akasema kwa sauti ya chini. "Soma, jipige kifua, kaa. Mwezi wa tano unapiga picha za gwaride kama kawaida."

"Na nisiposoma?"

Akakisogeza kikombe, akakirudisha. Nisiposoma narudisha kadi ya uanachama. Bila kadi sipati filamu, sipati karatasi ya picha, na polisi yeyote akiniona barabarani na kamera ana haki ya kuichukua. Basi ndiyo mwisho wa Lukonina mpiga picha. Mlangoni akawa Ptahin wa zamani kidogo, akanishika kiwiko. "Glasha, kwani shida iko wapi? Simama kama watu, shika kamera kama watu, piga wima."

Karatasi iko mkobani. Sitaisoma. Naandika hapa ili kesho nisije kujidai sikusema. Sitaisoma.

Alhamisi, 5 Machi

Leo jikoni nimeshindwa na Kapitolina Savvishna, na huyo ni mgumu kuliko chama.

Ghorofa yetu ina jiko moja na bafu moja kwa familia zote, na Kapitolina, mjane wa dereva wa tramu, ndiye serikali. Saa zile bafu halina mtu mimi huligeuza chumba cha giza: natundika blanketi mlangoni, nawasha taa nyekundu, nasafisha picha. Walinivumilia miaka yote. Leo nimekuta majiko ya mafuta yanavuma, wanawake wamekaa, naye amesimama na mwiko.

"Nimeambiwa kwenye foleni ya samaki wa chumvi," akasema. "Kwamba we mwanamke ni fomalisti."

"Ndivyo wanavyosema."

"Ndiyo maana bafu linanuka! Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa chumba cha maiti, mimi formalini usinifundishe. Wanatia kwenye chupa na vidole vya watu ndani. Na mimi naoga humo!"

Nikamwambia hapana, mama, formalini ni dawa ya kuhifadhi maiti, hili ni neno lingine, fomalizimu. Akaniuliza, basi tofauti yake nini. Nikaanza kueleza. Nikakwama katikati. Wote wananitazama, viazi vinachemka, nami sina sentensi hata moja ya kueleza kosa ambalo nitahukumiwa nalo. "Ni kupiga picha kwa upande," nikasema mwishowe. Kapitolina akawageukia wenzake. "Mnasikia? Hata mwenyewe hajui ni nini anachotia mle."

Wakapiga kura. Mikono yote juu. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho, Mtatari, ambaye huniazima mkasi, aliinua wake nusu, usawa wa sikio. Ufunguo wa bafu sasa uko mfukoni mwa aproni ya Kapitolina mpaka "mambo ya maiti" yaishe.

Ijumaa, 6 Machi. Mapumziko ya kila siku ya sita

Arseni kaiona karatasi. Alikuwa anatafuta kiberiti mkobani mwangu.

Mume wangu huandika maandishi ya madirisha ya maduka na mabango, herufi kubwa za rangi. Tulikaa tukamenya viazi. Akaanza taratibu. Mke wangu, ni karatasi tu. Hakuna atakayeikumbuka wiki ijayo. Watu wanasoma, wanakaa, wanaenda nyumbani kunywa chai.

Nikamwuliza: wewe ungesoma?

Akaendelea kumenya. Kiazi kikawa kidogo mno mkononi mwake. Akasema alikwishasoma yake mwezi wa kwanza, kazini kwao, mbele ya wapaka rangi wote. Hakuniambia.

Nami nilikuwa nikidhani ni wateja! Tangu mwezi wa kwanza herufi zake zimesimama wima kama askari wa zamu, na mimi nikamwonea huruma kwa kupata wateja wasio na ladha. Niliumia sana. Kwamba alisoma, sawa, ana hofu, na hofu yake ina sababu. Kilichoniuma ni kwamba alirudi siku hiyo akala, akanisifia uji, akalala.

Jumapili, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mabango kila mahali, theluji inayeyuka, barabara nzima tope. Kapitolina kanipita kwenye korido bila salamu, ila alinibakizia kipande cha mkate mtamu kwenye kisahani. Yaani ni sikukuu hata kwa fomalisti.

Nimekwenda hosteli ya wachimbaji kumtafuta Pasha. Nilitaka ajue kabla hajasikia kwa wengine. Kumbe anajua kuliko mimi. Wamekwisha kumfuata: atazungumza mkutanoni tarehe kumi na tisa, kabla yangu. Aje na nguo za kazi na mabuti yaleyale.

Alikuwa anachana nywele zilizolowa, ana miaka ishirini na ushee, mabega ya mtu anayebeba mawe. Akanipa kiti, akakaa kitandani.

"Wamekwambia useme nini?" nikamwuliza.

"Kwamba nimetukanwa."

"Na umetukanwa?"

Akafikiri. Ndiyo, alifikiri kweli, kitana mkononi. "Sijatukanwa. Ila picha yenyewe sikuipenda, Glafira Matveyevna. Nisikufiche."

Akanieleza. Gazeti lilifika kijijini kwao, karibu na Ryazan. Mwalimu akaliinua mbele ya watu: huyu hapa Pasha wetu. Mama yake akajongea, akatafuta. Yuko wapi? Huyu hapa. Wapi? Watu wakaanza kucheka, eti Pasha kaja kuwakanyaga. Mama mtu akalikata lile gazeti na kulitundika pembeni mwa picha ya marehemu mumewe, kisha akamwambia binamu anayekuja mjini: mwambie nimefurahi, buti ni zima, halivuji.

"Mwaka wa pili huu hajaniona uso," Pasha akasema. "Nikaona kheri wasingenipiga kabisa. Basi nitasimama nitasema hivyo. Sikuipenda. Uongo sijui kuusema mbele za watu, nababaika."

Nikamwambia aseme. Nikamtakia sikukuu njema, nikaondoka, nikasahau glavu zangu.

Jumatatu, 9 Machi

Nina hasira na Pasha. Nina hasira na mama yake Pasha, ambaye sijawahi kumwona. Asubuhi nzima nimefua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jioni hasira imegeuka kazi, namshukuru Mungu ambaye hayuko kwenye kalenda. Ptahin anasema kosa ni kupinda. Pasha hakusema neno hata moja juu ya kupinda. Ngazi ya mshazari haikumsumbua, yeye ngazi anaijua. Alitaka uso wake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi nilikuwa nakaribia kuyafanya moja kwa sababu yote mawili yaliniuma.

Kadi bado ninayo. Filamu ninayo moja.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeshuka shimoni. Siku ya mapumziko kwa mji, si kwao. Mlinzi alitazama kadi, akatazama uso, akanipisha.

Msimamizi wao, Lyahov, mtu mwema lakini mwoga, alikwisha kusikia. Akanifuata nyuma na taa. "Leo piga wima, Glafira Matveyevna, nakuomba. Mtu na asimame, aonekane kichwa mpaka miguu. Hivi." Akasimama kunionyesha. Kofia yake ikagonga boriti, pwaa, ikaangukia kwenye maji. Wachimbaji wakacheka mpaka wakashika kuta. Akainama kuiokota na hakuinuka tena kikamilifu, kwa sababu mle ndani hakuna mtu anayesimama wima. Hakuna! Wanachimba wamepiga magoti, wanabeba wamejikunja, wanapanda ngazi kwa ubavu. Niliwahi kulisema hilo mikutanoni kwa maneno mengi. Lyahov kalisema kwa kichwa.

Pasha hakunisemesha. Alinirudishia glavu, basi. Nikamfuata zamu nzima sikubonyeza hata mara moja. Nilikuwa nangoja, na sikujua nangoja nini.

Zamu ilipoisha akaketi chini ya ngazi kumwaga maji ya buti. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda, juu yake. Nikapitisha goti kwenye kidato, nikajiachia kichwa chini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tano mara ya mwisho kufanya hivyo. Sasa nina arobaini na mmoja na mgongo ulinikumbusha. Nikamwita. Akainua uso, na buti lenyewe kalishika mkononi, karibu na shavu, na akilimwaga hakuangalia, maji yote yakamwagikia Lyahov aliyekuwa akipita. Pasha akacheka. Nikabonyeza.

Imepinda vibaya sana. Ngazi inakatiza kutoka kona hadi kona. Nadhani ninayo. Lakini bafu limefungwa, na picha isiyosafishwa si picha.

Jumamosi, 14 Machi

Kapitolina Savvishna amenigongea mlango. Shali ya sikukuu, nywele zimebanwa, ametia unga usoni. Ana kijana wake jeshini, Mashariki ya Mbali, anamlilia amtumie picha. Mpiga picha wa sokoni kamtoza na kumtoa kama gunia la viazi. Alieleza hayo yote akitazama dari.

Nikamwambia, mama, nitakupiga sasa hivi. Lakini kusafisha ni bafuni.

Akavuta pumzi ndefu. "Leo tu."

Nikampiga mara mbili. Kwanza kama Ptahin anavyotaka, ameketi dirishani, wima, usoni mwake moja kwa moja. Kisha nikapanda juu ya kabati. Akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia anitazame tu, na amfikirie mwanawe.

Bafuni hakukubali kuniacha peke yangu. Alisema anataka kuona ninatia nini. Akakaa ukingoni mwa bafu kwenye mwanga mwekundu, aproni imefunika pua. Picha ilipoanza kujitokeza kwenye sinia, jicho kwanza, halafu shali, akaiachia aproni. "Mama yangu wee. Ananiangalia."

Tukaziweka mbili sambamba. Kwenye ile ya wima ana videvu vitatu na anaonekana amekuja kudai kodi. Kwenye ile ya kabatini dirisha limelala upande, yeye ameinua uso, kidevu ni kimoja, na macho yale ni ya mtu anayemngoja mwanawe. Akashika ile ya pili kwa ncha za vidole.

"Huyu ndiye mimi. Hiyo nyingine itupe."

"Hiyo unayoipenda ndiyo fomalizimu yenyewe."

Akaitazama tena. "Hii formalini yako inapunguza umri. Nitolee na ya dada yangu." Akanipa ufunguo. Isipokuwa siku za kuoga, akasema, na nifungue dirisha. Nikamshika nikambusu mashavu yote mawili, unga ukanipaka mdomoni.

Jumatatu, 16 Machi

Ninayo.

Nimeikuza kubwa, karatasi nzuri ya mwisho niliyokuwa nimeificha chini ya godoro. Buti na uso, ukubwa mmoja. Matope kwenye soli, matope kwenye shavu, meno meupe. Maji yamebaki hewani. Ngazi inakata picha yote kwa mshazari na ukiinyoosha tu mtu anakufa. Nilijaribu, niliigeuza ikae sawa, akawa mwanamke aliyekaa na buti. Nikairudisha ilivyokuwa.

Arseni alisimama mbele yake, mikono nyuma. "Imepinda kuliko ile."

"Ndiyo."

"Anacheka nini?"

Nikamweleza habari za Lyahov na maji. Arseni akacheka, kwanza puani, halafu kweli, mpaka akafuta macho, na sidhani yalikuwa ni machozi ya kucheka tu. Hatukuzungumza juu ya karatasi yake wala yangu. Baadaye nilimkuta ananikunjia bomba la karatasi ngumu la kubebea picha, amelifunga kwa uzi wa rangi. Pembeni kaandika LUKONINA. Herufi zimelala upande kama alivyoziandika tulipooana.

Nilimpelekea Pasha nakala ndogo. Aliishika karibu na balbu. "Hii naipeleka kwa mama," akasema. Nikangoja aseme zaidi.

"Lakini ile ya kwanza nitaisema vilevile," akasema. "Sikuipenda. Umeniambia niseme."

Nimemwambia, ndiyo. Na nitaibeba picha hii mpya badala ya kujipiga kifua. Nitaifungua mbele yao nitasema: nilipiga kwa upande, na nitapiga tena kwa upande. Wachukue kadi kama ni hivyo. Ningependa wasiichukue. Nataka kufanya kazi, nataka sana, hata mikono inaniwasha.

Alhamisi, 19 Machi. Koridoni, nje ya ukumbi

Shajara nimeiacha nyumbani. Naandika nyuma ya karatasi ya Ptahin, kwa penseli, gotini.

Ukumbi umejaa. Mapema Ptahin kapita hapa, tai mpya, uso wa mgonjwa. "Karatasi unayo?" Ninayo, nikasema. Akashusha pumzi. Ni kweli ninayo.

Pasha alifika amevaa viatu vya sikukuu vinavyombana, gauni la maua. Wakamkemea mlangoni: tulikwambia mabuti! Akawaonyesha mfuko, yamo humu. Akaja kukaa nami. "Nikivaa yale watanitazama miguu tena," akasema. Akavisugua vidole. Alipoitwa akanisukumia mfuko. "Nishikie, dada." Ni mara ya kwanza ananiita dada. Mfuko unanuka shimo.

Mlango haufungiki vizuri. Nasikia kila kitu.

Anajitaja jina. Anataja shimo lake, zamu yake. Sauti inatetemeka. Sasa: "Mimi ndiye wa kwenye picha ile. Na picha ile sikuipenda." Makofi. Mengi, ya watu waliokuwa wanangoja kupiga. Nilimwambia aseme, na bado inaniuma.

Makofi yameisha. Ptahin anamshukuru, anamwita mzungumzaji anayefuata. Karatasi imejaa upande huu, nageuza, naandika juu ya taipu yake.

Pasha hashuki. "Ngojeni kwanza, jamani. Sijamaliza." Kengele ya mwenyekiti. "Nimesema sikuipenda. Sijasema ni uongo." Kengele. Watu wananong'ona. "Nyinyi mliwahi kushuka kule? Nani kati yenu ameshuka?" Kengele, kengele. Anapaza sauti juu yake, na haitetemeki tena: "Glafira Matveyevna! Niletee buti langu!"

Bomba la picha kwapani. Buti moja linatosha? Nachukua yote mawili. Maneno ya taipu hayasomeki tena, nimeyaandika juu mpaka pembeni, hata nikitaka kuyasoma siwezi. Naingia.